Freti ya Kumi na Saba

Katibu wa chama cha wanamuziki hakupiga hodi. Aliingia karakana akiwa amelikaba gitaa lake shingoni, kama mtu aliyemkamata kuku wa jirani kwenye mchicha wake, kisha akarudi hatua moja nyuma na kusimama kizingitini, ili wenzake waliokuwa uani wakifanya mazoezi wamwone na wamsikie vizuri.

"Fundi, hebu sikiliza kazi ya mikono yako."

Akabonyeza uzi mmoja na kuupiga. Sauti ilitoka, lakini nyuma yake ukafuata mlio wa pili, mkavu, kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Akasogeza kidole. Nzi akafuata. Akasogeza tena.

"Hilo linakoroma," mpiga ngoma alisema kule uani. "Mwache alale, mwenzio kachoka."

Kicheko kikazagaa ua mzima. Fundi alikuwa ameinamia meza yake ya kazi, tupa mkononi, na hakuinua uso.

"Ni unyevu," alisema. "Mbao ikinywa unyevu hujipinda. Liache, nitalitazama."

"Mara ya kwanza uliniambia hivyo hivyo. Ukalitazama, likarudi na hali mbaya kuliko lilivyokuja." Katibu alililaza gitaa juu ya rafu. "Na si langu tu. Hili ni la tatu tangu mwaka uanze. Tunanyamaza kwa sababu tunakuheshimu, Fundi, lakini heshima haipigi muziki."

Kisha akaingia ndani kabisa na kushusha sauti, na ile sauti ya chini ilimtisha fundi kuliko kicheko cha watu.

"Mwenyekiti anakuja Ijumaa saa nane mchana kuchukua gitaa lake. Nakwambia kama mdogo wako: haji kuchukua gitaa tu. Kuna fundi mwingine ameleta barua, anakitaka chumba hiki. Mwenyekiti akasema, 'Ngojeni kwanza nilione langu.'"

"Nimekaa humu miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo maana umeambiwa na mtu, hukuambiwa na barua."

Chumba kilikuwa cha chama. Fundi hakukipangisha, alipewa kwa sharti la kuvitengeneza vyombo vya wanachama, na kazi za watu wa nje zilimfuata humo humo. Bila chumba hicho angebaki na sanduku la vifaa chini ya kitanda, na umri wa miaka hamsini na tisa.

Katibu alipoondoka, fundi alirudisha mlango nusu. Juu ya meza, ikiwa imebanwa kwa vibano viwili vilivyovikwa vitambaa, ililala shingo ya gitaa la mwenyekiti. Aliichonga mwenyewe kutoka kwenye pande moja la mti mgumu, akabandika ubao mweusi juu yake, akakata mikato ishirini kwa msumeno mwembamba akiongozwa na kigezo cha chuma. Katika kila mkato ilipaswa kukaa freti, kipande cha waya chenye kichwa cha mviringo na mguu wenye vijino vya kung'ata mbao. Freti ndizo zinazogawa sauti. Moja ikisimama juu ya wenzake kwa unene wa unywele tu, uzi huigonga, na gitaa hukoroma.

Waya huo mwenyekiti aliuagiza kwa mtu aliyesafiri, akausubiri miezi mitatu. Ulitosha freti ishirini na moja. Ishirini za kazi, moja ya dharura.

Na fundi alikuwa haoni.

Hakuwa kipofu. Aliona mlango, aliona mtu amesimama, aliona kama kumekucha. Lakini kila kitu cha karibu kilikuwa nyuma ya kioo kilichopigwa mvuke, na kila mwezi mvuke ulizidi. Kwa miezi minane alikuwa akizipiga tupa freti kwa kupapasa, akijidanganya kwamba vidole vya fundi vina macho yake. Alichukua kipande cha kwanza cha waya, akakiweka juu ya mkato, akakitafuta kwa ncha ya kidole, akainua nyundo.

* * *

Nyumbani, mkewe alikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyeyataja. Akimletea mumewe chai, hakukiweka kikombe mezani tu; alikisogeza mpaka kiguse mkono wake, kisha akakiachia. Akimpa shati, alikuwa amekwisha kufunga kifungo cha juu.

Jumanne jioni binti yao alirudi mapema kutoka kazini. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtoto wao wa pekee, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia kwenye karakana ndogo nyuma ya hospitali ya meno. Baba yake hakuwahi kuipenda kazi hiyo. Watu wakimuuliza, husema binti yake "yuko hospitali," na kubadilisha mazungumzo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wamekuruhusu mapema leo? Wazee wamekwisha kung'oka meno yote?"

"Bado, baba. Kuna foleni." Aliketi mbele yake na kumwona akinyoosha mkono kuchukua kijiko. Mkono ulipita juu ya kijiko, ukagusa meza tupu, ukarudi polepole. Mama akakisukuma kijiko kwa kidole kimoja, haraka, kama anayefukuza sisimizi.

Binti alimtazama mama yake. Mama aliangalia ukutani.

"Baba, nitazame."

"Nikutazame nini, umenunua pua mpya?"

"Nitazame tu. Geukia dirishani." Aliinuka akamshika kidevu. Katikati ya mboni ya jicho la kulia kulikuwa na weupe kama wa maji ya mchele. Jicho la kushoto lilianza kumfuata mwenzake. "Huu ni mtoto wa jicho. Tangu lini?"

Fundi alijitoa mkononi mwake. "Wewe unachonga meno. Macho umeyajulia wapi?"

"Kliniki ya macho iko mlango wa pili kutoka kwetu. Nawaona kila siku wakiingia wameshikwa mkono, wakitoka wanatembea wenyewe."

"Mimi nani kanishika mkono?"

Mama aliketi na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia bei ya mkaa, "Nyumba hii ina mtoto mmoja. Huyo wa pili umemlea kwa siri, baba yake, na sasa amekua, anataka kututoa nje."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua!" binti alimgeukia. "Mama, ulijua ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kila nikifungua mdomo ananiambia taa ya nyumba hii haina nguvu. Nimebadilisha balbu mara tatu."

Fundi alipiga meza kwa kiganja. "Ijumaa mwenyekiti anakuja. Nikienda kulala hospitali leo, kesho mji mzima unajua fundi wa magitaa haoni, na keshokutwa kuna mtu mwingine kwenye meza yangu. Niacheni nimalize shingo hii. Baada ya hapo mnipeleke hata kuzimu."

"Na kama ukiiharibu?"

Alinyanyuka, akatoka. Mlangoni alijigonga bega, akajifanya ameegemea.

* * *

Jumatano saa tano asubuhi alikuwa amefika freti ya kumi na saba.

Zile kumi na sita hazikuingia kwa amani. Ya tano aliikata fupi, ikawa haifiki ukingo wa pili, na kile kipande cha dharura kikaliwa hapo. Tangu wakati huo alifanya kazi kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Alikuwa na njia yake: kugonga ncha mbili kwanza, halafu katikati, na kusikiliza. Freti ambayo haijakaa hulia *ko*, kuna hewa chini yake. Ikikaa hulia *ti*. Sikio lake lilikuwa zima, na lilimfikisha kumi na sita.

Kwa ya kumi na saba aligonga ncha ya kushoto, ikaingia. Aligonga ya kulia. Hakuona kwamba mguu wa waya umepanda juu ya ukingo wa mkato badala ya kuzama ndani. Alisikia *ko*. Akagonga kwa nguvu zaidi. Waya ukaruka, nyundo ikafuata mbao, na kitu kidogo kikamdondokea kwenye kiatu.

Alipapasa. Freti ilikuwa imekunjika katikati kama goti. Ukingo wa mkato ulikuwa umebanduka kibanzi kirefu kuliko punje ya mchele.

Alikaa chini sakafuni, si kwenye kigoda. Uani walikuwa wakirudia wimbo mmoja, wakikosea mahali pale pale. Waya uliobaki ulitosha freti tatu, na mikato mitupu ilikuwa minne. Aligeuza macho kwenye rafu, kwenye kivuli cha gitaa la katibu. Angeweza kung'oa freti moja hapo, akaipachika kwenye shingo ya mwenyekiti, akaisugua ing'ae. Waya ule ulikuwa wa bei rahisi, laini, ungeliwa na nyuzi katika miezi sita. Lakini Ijumaa si miezi sita.

Alishika koleo. Alilipapasa gitaa la katibu mpaka akaifikia freti, akaibana. Mkewe alimkuta hivyo hivyo alipoleta chakula cha mchana.

"Unafanya nini?"

"Natengeneza."

Mama aliweka sufuria chini. Aliiona freti iliyokunjika, akakiona kibanzi, akauona mkono wa mumewe wenye koleo juu ya chombo cha mtu mwingine. Alikuwa mke wa fundi kwa miaka thelathini na mitatu, hakuhitaji kuelezwa.

"Maji yamezidi unga," alisema.

"Nyamaza, watasikia."

"Walishasikia, baba yake. Wamesikia magitaa matatu." Akaichukua ile freti mbovu, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake. "Kula. Halafu usiguse kitu chochote mpaka kesho."

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa mtu anayeona."

* * *

Binti alikuja Alhamisi saa sita, akiwa ameomba ruhusa ya nusu siku kwa mkuu wake, naye akamkatia kwenye likizo. Alikuwa na mkoba wa turubai. Fundi alimtambua kwa hatua.

"Sikukuita."

"Najua. Nimeitwa na mwenye nyumba."

Alifungua mkoba mezani. Alitoa koleo mbili ndogo zenye midomo ya mviringo, tupa nyembamba kama sindano za kufumia, mkebe wa dawa ya kung'arishia, na ile freti. Fundi aliipokea, akaipitisha kati ya vidole. Ilikuwa imenyooka na kurudia tao lake dogo. Aliipitisha mara ya pili akitafuta lile goti.

"Umeifanyaje?"

"Meno ya bandia yanashikwa kinywani kwa waya, baba. Kutwa nzima nakunja waya na kuunyoosha. Ukiulazimisha unakatika. Unaubembeleza."

Fundi aliirudia tena, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Na kibanzi?"

"Hicho sikijui. Mbao ni yako."

Hapo ndipo fundi alipopata pa kushika. Alimwelekeza asage vumbi la ule ubao mweusi kwa msasa, achanganye na gundi mpaka iwe kama uji mzito, ajaze lile pengo, asubiri ikauke, kisha aukate mkato upya kwa msumeno. Binti alifanya. Mara mbili baba alimkemea bure, mara ya tatu alimkemea kwa haki. "Unasukuma msumeno kama unakata mkate! Uache ujiendee wenyewe!"

"Ukinipigia kelele nitaondoka."

"Ondoka basi."

Hakuondoka. Mama, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku karibu na mlango ili kumzuia yeyote asiingie, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Freti nne zilizobaki waliziingiza pamoja. Binti alitazama mguu uzame sawasawa ndani ya mkato, akagonga. Baba, kichwa amekiinamisha, alisikiliza. "Bado. Kulia. Tena kidogo. Hapo." Ya kumi na saba iliposema *ti*, wote watatu waliachia pumzi.

Kisha binti akatoa kijitabu cha karatasi za bluu, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Hiyo ni nini?"

"Mgonjwa akivaa meno mapya, anang'ata hii. Palipo juu panapata alama ya bluu. Tunapunguza hapo tu." Alizitandaza juu ya freti, akaweka rula ndefu ya chuma, akaisugua mbele na nyuma. Alipoinua, freti sita zilikuwa na vidoa vya bluu. Tano kati ya hizo zilikuwa miongoni mwa zile alizozipiga baba peke yake.

"Ngapi?" aliuliza fundi.

Binti alisita. "Sita."

"Zitaje."

Alizitaja moja moja. Fundi alisikiliza kama mtu anayesomewa makosa yake barazani. Vidole vyake vilikuwa vimepita juu ya freti hizo zote na kumwambia ziko sawa.

Binti alipunguza penye bluu, akatandaza karatasi upya, akapunguza tena. Kila freti iliyopigwa tupa hubaki na kichwa bapa, kwa hiyo alikirudishia mviringo wake kwa tupa ndogo, akafuata msasa, kisha ile dawa ya kung'arishia meno ya bandia, mpaka waya ukawaka. Kazi ya ncha baba aliichukua mwenyewe. Alizipiga tupa kwa mshazari, akapitisha kiganja ukingo mzima wa shingo, huku na huku, akitafuta penye kukwaruza. "Shingo isimuume mtu," alisema. Hapo mkono ulitosha.

Saa kumi na moja waliifunga shingo kwenye kiwiliwili cha gitaa, wakavalisha nyuzi. Binti alipiga noti kila hatua, kwa kidole kisichojua muziki. Hapakuwa na nzi.

Mama aliwatazama wote wawili. "Kesho mwenyekiti akija, kazi ni ya baba. Tumeelewana? Hakuna wa kusema zaidi ya hapo."

Binti alianza kufunga mkoba wake. Alizifuta koleo moja moja kwa kitambaa kabla hajajibu. "Kesho niko kazini. Semeni mnavyotaka." Alimgeukia baba yake. "Jumatatu nimekuwekea nafasi kliniki. Usipokuja, mimi humu sirudi tena."

* * *

Mwenyekiti alifika saa nane kasorobo, pamoja na katibu. Alikuwa mzee mnene wa maneno machache. Aliketi kwenye kigoda cha fundi bila kukaribishwa, akalipakata gitaa lake jipya, na kwa muda mrefu hakupiga kitu. Alilinusa tu.

Kisha akaanza. Uzi wa kwanza, freti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hakupiga wimbo. Alipiga noti moja moja, akiiacha kila moja iishe yenyewe kabla ya kugusa nyingine. Nyuzi sita, freti ishirini. Uani mazoezi yalisimama, watu wakasogea mlangoni, wakamkuta mama kwenye sanduku lake. Fundi alisimama, mikono nyuma, akihesabu kichwani. Alipofika ya kumi na saba kwenye uzi wa pili, mwenyekiti alisita, akairudia. Akairudia tena.

Mwenyekiti akaendelea na ya kumi na nane.

Alipomaliza, alipitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Mkono wako umerudi, Fundi."

Katibu alitazama viatu vyake. Minong'ono ya kuridhika ikapita mlangoni.

"Nilikuwa na mashaka, sitakuficha," mwenyekiti aliendelea. "Sasa yamekwisha. Wanachama wana magitaa kumi na moja yaliyochoka. Wayalete Jumatatu. Uyafanye hivi hivi, mwezi huu."

"Kumi na moja," fundi alirudia.

Mama alimkazia macho kutoka mlangoni. Fundi hakuweza kuyaona macho hayo, lakini aliyajua yako wapi na yanasema nini. Nyamaza. Pokea. Mengine tutayajulia nyumbani.

"Mwenyekiti," alisema, "huo si mkono wangu."

Mwenyekiti aliinua uso.

"Shingo nimechonga mimi. Ncha nimezipiga mimi. Hizo freti zilizokaa sawa kaziweka sawa binti yangu. Mimi sioni. Nina mtoto wa jicho, mwezi wa nane huu. Ya kumi na saba niliikunja kwa nyundo, yeye akainyoosha."

"Baba yake!" mama alisema, kisha akafumba mdomo kwa kiganja.

Mwenyekiti alililaza gitaa mapajani. "Miezi minane. Watu wanakuletea vyombo, unavipokea, unavirudisha vimeharibika, na unawaambia nini?"

"Nawaambia ni unyevu."

"Magitaa matatu."

"Manne," fundi alisema. "Mpiga besi bado hajagundua."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Mpiga besi aliuliza, "Langu?"

"Huyo binti yuko wapi?" mwenyekiti aliuliza. "Aje basi, ayafanye hayo kumi na moja."

"Ana kazi yake. Anatengeneza meno ya bandia." Alilisema wazi, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. "Siwezi kumgawa kama kiti. Akitaka kuja, atasema mwenyewe."

"Kwa hiyo sina fundi," mwenyekiti alisema.

"Kwa leo, huna."

Katibu alikohoa. "Mwenyekiti, ile barua..."

"Barua ninayo, sijaisahau." Alisimama kwa kujivuta, akanyoosha kiganja. "Nipe funguo."

Fundi alivua funguo kwenye kamba iliyokuwa shingoni mwake. Kamba ilinasa kwenye sikio, akahangaika nayo, na watu wote wakawa wanatazama mtu mzima akipambana na kamba. Mama alitaka kuinuka kumsaidia, akajizuia. Hatimaye ikatoka.

"Miezi miwili chumba kitafungwa," mwenyekiti alisema. "Hatakiingia mtu, si wewe wala mwingine. Nenda ukatibiwe. Ukirudi unaona, utayarudia yale manne mbele yangu, bila malipo. Ukirudi huoni, nitaijibu hiyo barua. Na sikufanyii huruma. Kama usingesema, ningekuja kuligundua jambo hili mwenyewe kabla hayo kumi na moja hayajaisha, na siku hiyo ningekutoa na sanduku lako."

Alilichukua gitaa, akatoka. Watu wakampisha.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitembea hatua moja mbele yake. Walipofika mlangoni alisema, "Umetuvua nguo."

"Nimejivua mimi."

"Tunavaa nguo moja, wewe." Akaingia ndani kuwasha moto.

* * *

Walimpasua jicho la kulia kwanza. Siku ya pili muuguzi alitoa bandeji na kumwambia afungue taratibu. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya kitanda, mkoba wa nguo kifuani.

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Aliona mvi zilizoingia kwenye nywele za mbele, mistari miwili kando ya mdomo, na doa la kuungua kwenye mkono ambalo hakujua limetoka wapi.

"Umezeeka," alisema kwa mshangao.

"Nilizeeka taratibu," mama alijibu. "Wewe ndiye hukuwepo." Kisha machozi yakamtoka, na muuguzi akamwonya mgonjwa kwamba yeye haruhusiwi kulia, dawa itatoka.

Miezi miwili ilipotimia, mwenyekiti alifungua karakana mwenyewe na kuketi kwenye sanduku la mlangoni. Fundi alilishusha gitaa la katibu kutoka kwenye rafu, akalipeleka kwenye mwanga, akatazama kwa kufuata shingo kama mtu anayelenga kwa manati. Freti zilipanda na kushuka. Moja ilikuwa imekaa upande. Nyingine ilikuwa na majeraha ya tupa mpaka kwenye mbao. Uso ulimwiva.

"Hiki kitu nilimkabidhi mtu," alisema.

"Ulimkabidhi," mwenyekiti alikubali.

Alizing'oa zote. Ilimchukua siku nane kuyamaliza yote manne, na kwa hilo la katibu alikwenda kumbishia hodi nyumbani kwake, akamkabidhi mbele ya mkewe na watoto, akamwomba radhi. Katibu alilipokea, akalijaribu, akasema ahsante bila kutabasamu. Kwenye kikao cha chama alipiga kura chumba apewe yule fundi wa barua. Kura yake haikutosha. Fundi alipewa mpaka mwisho wa mwaka, halafu kamati itazame tena.

Binti alisema mwenyewe, kama baba yake alivyotabiri. Meno hakuyaacha. Lakini Jumamosi mchana alikuja na mkoba wake, akafunga aproni, akaketi upande wa pili wa meza, na kufanya freti za yale magitaa kumi na moja kwa sehemu yake ya malipo, waliyobishana juu yake mpaka mama akaingilia kati.

Jumamosi ya tatu alikuwa akizungushia vichwa vya freti kwenye shingo ya nne. Fundi alikuwa anachonga kigingi cha kukazia nyuzi. Aliinua uso, akatazama mkono wa binti yake unavyokwenda, akaangalia waya.

"Umezidisha hapo."

"Wapi? Sijazidisha."

"Hiyo ya tisa, upande wa kulia. Umeila."

Binti aliinamia shingo, akaigeuza, akatafuta. Alichukua karatasi ya bluu, akaisugua, akaiinua. Freti ya tisa, upande wa kulia, ilikuwa haina rangi hata chembe. Alisonya kwa hasira, kwa sababu kosa lilikuwa lake na sasa ingebidi nyingine zote zishushwe kuifuata ile moja. Kisha akagutuka. Baba yake hakuwa ameigusa ile shingo. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, mikono yote miwili imeshika kigingi.

"Umejuaje?"

"Naona," fundi alisema, akarudi kwenye kigingi chake.